Istilahi za Mchakato wa Shughuli katika Mifumo ya Biashara Mtandaoni

1. Utangulizi

Maneno kama "mchakato", "muamala", "uthibitisho" na "mfumo" yametoka katika vitabu vya wataalamu yakaingia katika nyaraka za ofisi, katika mikataba ya zabuni, katika vitabu vya shule na hata katika ujumbe mfupi wa simu. Mfasiri huletewa mwongozo wa mfumo wa mauzo auweke katika Kiswahili. Mwalimu hutakiwa afundishe hatua za kubuni mfumo huo. Ofisa wa serikali huletewa waraka unaoeleza jinsi maombi ya wananchi yatakavyopokelewa kwa njia ya intaneti, naye hutakiwa autie sahihi. Wote hawa huyatumia maneno hayo, lakini mara nyingi kila mmoja huyatumia kwa maana aliyoizoea mwenyewe.

Katika mazungumzo ya kawaida jambo hilo halileti madhara makubwa, kwa kuwa wazungumzaji huulizana na kusahihishana. Mashine haiulizi. Hufuata maelezo iliyopewa, na pale maelezo yalipokaa kimya hufuata dhana ya mtu aliyeyageuza kuwa programu, awe alidhani sawasawa au alikosea. Kwa hiyo utata wa neno moja katika waraka huweza kugeuka kuwa fedha ya mnunuzi iliyopotea njiani.

Makala haya yanakusudia kueleza mchakato wa shughuli ni nini na huchorwa namna gani. Kwa nini mchoro huo ndio msingi wa mfumo wa biashara unaotegemeka. Na ni mambo gani ya sarufi ya Kiswahili ambayo mwandishi wa maelezo ya mchakato hana budi kuyaangalia. Mwishoni tumeorodhesha istilahi tunazopendekeza pamoja na fasili zake.

2. Mchakato wa shughuli na uchoraji wake

Mchakato wa shughuli ni mfuatano wa kazi, matukio na maamuzi ambao huanza kwa haja fulani na kuishia kwenye matokeo yanayojulikana. Mtu anaagiza bidhaa: hiyo ni haja. Bidhaa inamfikia, au anaarifiwa kwamba haipatikani na fedha yake inarudishwa: hayo ni matokeo. Yote yanayotendeka kati ya mwanzo na mwisho huo, pamoja na watu na mashine zinazoyatenda, ndiyo mchakato.

Yafaa tuutenganishe mchakato na utaratibu. Utaratibu ni kanuni zinazosema jambo litendwe vipi. Mchakato ni jambo lenyewe linavyotendeka, pamoja na yale ambayo kanuni hazikuyataja. Ofisi yaweza kuwa na utaratibu mzuri kwenye karatasi na mchakato mbovu mezani.

Kuchora mchakato si jambo geni. Mwaka 1921, Frank na Lillian Gilbreth waliwaonyesha wahandisi mitambo wa Marekani michoro ya hatua za kazi, ili waone ni hatua zipi zinazofaa na zipi zinazopoteza wakati. Mwaka 1962, Carl Adam Petri wa Ujerumani aliweka katika tasnifu yake ya udaktari msingi wa kihisabati wa kueleza shughuli nyingi zinazotendeka kwa wakati mmoja. Mwaka 2004 zilitolewa kanuni za alama za kuchorea michakato zinazojulikana kwa kifupi cha BPMN. Toleo lake la pili likatoka mwaka 2011, na mwaka 2013 Shirika la Kimataifa la Viwango likalikubali kuwa kiwango cha kimataifa.

Alama za msingi katika kanuni hizo si nyingi. Duara ni tukio, yaani jambo linalotokea: agizo limefika, muda umekwisha, ujumbe umepokelewa. Mstatili wenye pembe za mviringo ni kazi, yaani jambo linalotendwa na mtu au mashine. Mraba uliosimama juu ya pembe yake ni njiapanda, yaani mahali ambapo njia hugawanyika au hukutana. Mshale wa mstari mzima huonyesha mfuatano wa hatua ndani ya mhusika mmoja, na mshale wa mstari uliokatika-katika huonyesha ujumbe unaotoka kwa mhusika mmoja kwenda kwa mwingine.

Tofauti ya mishale hiyo miwili ni kubwa kuliko inavyoonekana. Mshale wa mfuatano hauruhusiwi kuvuka mpaka wa mhusika. Maana yake ni kwamba hakuna mhusika anayeweza kuichukulia kazi ya mwenzake kuwa ni hatua yake mwenyewe; awezalo ni kumpelekea ujumbe tu, na ujumbe huweza kuchelewa au kupotea. Mchoraji akiizingatia kanuni hii, nusu ya hatari za biashara ya mtandaoni humjia mbele ya macho kabla hajaandika programu yoyote.

Hapa mfasiri hukutana na mtego. Katika lugha ya asili ya kanuni hizo, eneo la mhusika limepewa jina la bwawa la kuogelea, na migawanyo yake jina la vijia vya waogeleaji. Tukitafsiri neno kwa neno, msomaji wetu atakuta bwawa katikati ya mchoro wa mauzo na asijue limefikaje hapo. Tunapendekeza "uwanja wa mhusika" na "safu". Kinyume chake, katika neno "njiapanda" Kiswahili kina bahati: msomaji yeyote anajua kwamba njiapanda ni mahali pa kuamua pa kwenda, nalo lafaa kuliko "lango", ambalo ni mahali pa kuingilia.

3. Mfano: duka la vitenge

Tuchukue mfano wa duka la vitenge lililoko Kariakoo, Dar es Salaam, ambalo huuza bidhaa zake kwa njia ya intaneti. Mnunuzi yuko Mwanza. Huchagua kitenge, hulipa kwa simu, na mzigo hupakiwa kwenye basi. Wahusika ni wanne: mnunuzi, duka, kampuni ya malipo na msafirishaji. Tuseme kwamba katika mkataba baina ya mwenye duka na mtengenezaji wa mfumo iliandikwa sentensi ifuatayo:

"Mteja akilipa, malipo yatathibitishwa na mzigo utatumwa."

Mwenye duka akiisoma sentensi hii huridhika, na mtengenezaji naye huridhika. Lakini mchoraji anapoiweka kwenye karatasi hulazimika kuuliza. Nani atathibitisha, duka au kampuni ya malipo? Atathibitisha kwamba fedha imetoka kwa mnunuzi, au kwamba imefika dukani? Je, kitenge kitawekwa pembeni wakati malipo yanangojwa, na kwa muda gani? Muda huo ukipita, agizo litafutwa na nani? Na fedha ikifika baada ya agizo kufutwa, itakwenda wapi?

Swali hili la mwisho si la kubuni. Tuseme duka humwekea mnunuzi kitenge kwa dakika 30. Katika dakika ya 29 mnunuzi analipa. Katika dakika ya 30 duka, likiwa halijapata habari ya malipo, linafuta agizo na kumuuzia mtu mwingine kitenge hicho. Katika dakika ya 31 ujumbe wa malipo unafika, lakini agizo linalohusika halipo tena. Mnunuzi ana uthibitisho wa malipo katika simu yake. Duka lina fedha isiyo na mwenyewe. Kitenge kiko njiani kwenda kwa mtu mwingine. Hakuna mashine iliyoharibika, wala hakuna mtu aliyefanya hila. Kilichokosekana ni mshale mmoja tu katika maelezo: njia ya kufuata endapo malipo yatafika baada ya muda kwisha.

Katika mchoro, njia hiyo yaweza kuongezwa kwa kalamu kwa muda wa dakika chache. Aidha duka liiulize kampuni ya malipo kabla ya kufuta agizo lolote, aidha kuwe na kazi ya kurudisha fedha inayoanzishwa na tukio la malipo yaliyochelewa; na mwenye duka mwangalifu ataziweka zote mbili.

4. Kasoro, kosa na kushindwa

Wataalamu wa kompyuta waliona mapema kwamba hawawezi kujenga mifumo ya kutegemewa bila ya kukubaliana juu ya maneno. Mwaka 1992 kilichapishwa kitabu kilichohaririwa na Mfaransa Jean-Claude Laprie, ambacho kazi yake yote ilikuwa ni kufasili dhana za fani hii pamoja na istilahi zake katika lugha tano: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia na Kijapani. Kwa wanaistilahi wetu jambo hili ni la kutia moyo. Wahandisi wenyewe walikiri kwamba kazi ya istilahi ni sehemu ya uhandisi.

Katika fasili hizo kuna mnyororo wa dhana tatu ambazo katika Kiswahili cha kila siku huchanganywa. Ya kwanza ni sababu iliyojificha, tunaiita kasoro. Ya pili ni hali isiyo sahihi ndani ya mfumo iliyoletwa na kasoro hiyo, tunaiita kosa. Ya tatu ni pale ambapo huduma inayomfikia mtumiaji inapoacha kuwa ile inayotakiwa, tunaiita kushindwa. Katika mfano wetu, mshale uliosahauliwa ni kasoro. Kumbukumbu ya duka inayosema kwamba mnunuzi hana agizo, ilhali fedha yake imo katika akaunti ya duka, ni kosa. Mnunuzi kukosa kitenge na kukosa fedha yake ni kushindwa.

Faida ya kuzitenganisha dhana hizi ni ya vitendo. Kasoro huweza kukaa kimya kwa miezi mingi bila ya kuleta kosa, mpaka siku mnunuzi mmoja alipe katika dakika ya 29. Kosa nalo huweza kugunduliwa na kusahihishwa kabla halijawa kushindwa, kwa mfano karani akilinganisha kila jioni orodha ya fedha zilizoingia na orodha ya maagizo. Ripoti inayosema tu kwamba "mfumo ulileta matatizo" haimsaidii mtu yeyote kujua arekebishe wapi.

Kuhusu jina la sifa yenyewe, baadhi ya nyaraka hutumia "uaminifu" na nyingine "utegemezi". Uaminifu ni tabia ya mwanadamu mwenye dhamiri. Utegemezi ni hali ya yule anayetegemea, si sifa ya kile kinachotegemewa; mtoto ni mtegemezi kwa wazazi wake. Kama vile kutokana na kitenzi "patikana" tumepata "upatikanaji", ndivyo kutokana na "tegemeka" tunavyoweza kupata "utegemekaji", yaani sifa ya kitu ambacho watu wanaweza kukitegemea kwa haki.

5. Utimamu wa mchoro

Mchoro waweza kupimwa kabla ya mfumo kujengwa. Njia mojawapo hutokana na kazi ya Petri tuliyoitaja. Wasomaji wanaoujua mchezo wa bao wataielewa upesi. Tuwaze kwamba hali za mchakato ni mashimo, na kwamba kete iliyomo ndani ya shimo huonyesha kwamba mchakato umefika hapo. Kila hatua huchukua kete moja kutoka katika kila shimo lililo nyuma yake na kuweka kete moja katika kila shimo lililo mbele yake. Nayo haiwezi kutendeka mpaka mashimo yote ya nyuma yawe na kete. Tofauti na bao ni kwamba hapa idadi ya kete si lazima ibaki ile ile: hatua yenye shimo moja nyuma na mawili mbele huzaa kete, na yenye mawili nyuma na moja mbele humeza.

Katika miaka ya 1990, Wil van der Aalst wa Uholanzi alitumia njia hii kufasili mchakato uliokamilika sawasawa. Sifa hiyo tunaiita utimamu. Mchoro ni timamu ukitimiza masharti matatu. Kwanza, popote mchakato utakapokuwa umefika, iwepo njia ya kufikia mwisho. Pili, unapofika mwisho kusiwe na kete iliyosahauliwa nyuma. Tatu, kusiwe na hatua ambayo haiwezi kutendeka kamwe.

Turudi dukani tuone sharti la kwanza linavyovunjwa. Mnunuzi huchagua: atalipa kwa simu au atalipa atakapopokea mzigo. Hii ni njiapanda ya kuchagua, na kete hufuata njia moja tu. Lakini mbele, mahali njia mbili zinapokutana, mchoraji ameweka njiapanda ya sambamba, ambayo hungoja kete kutoka pande zote mbili. Kete ya pili haitafika kamwe. Agizo litasimama hapo milele. Huu ndio mkwamo.

Kosa la kinyume chake ni baya zaidi. Duka linaanzisha kazi mbili kwa pamoja: kufunga mzigo na kuandika hati ya madai. Kwenye makutano mchoraji ameweka njiapanda ya kuchagua, ambayo hupitisha kila kete inayofika. Mzigo ukishafungwa, kete inapita na msafirishaji anaitwa. Hati ikishaandikwa, kete ya pili inapita na msafirishaji anaitwa tena. Agizo moja limetumwa mara mbili. Katika makosa yote mawili, mchoraji ameandika "na" mahali pa "au", au "au" mahali pa "na".

Hata hivyo tusiupe utimamu kazi isiyo yake. Mchoro timamu huonyesha kwamba mchakato hautakwama wala hautaacha mabaki. Hauonyeshi kwamba bei ni ya haki, wala kwamba kompyuta hazitazimika umeme ukikatika. Ni sharti la lazima, lakini peke yake halitoshi.

6. Kimya si jibu

Baina ya wahusika kuna ujumbe tu, na ujumbe hupotea. Duka likiiuliza kampuni ya malipo na lisipate jibu, haliwezi kujua kama swali halikufika, au lilifika na jibu ndilo lililopotea. Tangu miaka ya 1970 imeonyeshwa kwamba pande mbili zinazowasiliana kwa njia inayoweza kupoteza ujumbe haziwezi kufikia uhakika kamili wa pamoja, hata zikipelekeana uthibitisho mara ngapi. Maana uthibitisho wa mwisho nao huhitaji kuthibitishwa. Mbunifu hawezi kuiondoa hali hii. Awezalo ni kuipa nafasi katika mchoro, na wataalamu hutumia mbinu kadhaa.

Mbinu ya kwanza ni urudiaji salama. Mtu asiyepata jibu hubonyeza tena, na mashine nayo hutuma tena. Mfumo hauna budi kuutambua ujumbe wa pili kuwa ni marudio ya ule wa kwanza, usikate fedha mara mbili. Hilo huwezekana kila ombi likipewa namba yake ya pekee. Watanzania wanaolipa ada za serikali wameizoea njia hii: kila dai hutolewa pamoja na namba yake ya kumbukumbu ya malipo, na malipo huhusishwa na namba hiyo.

Mbinu ya pili ni kitendo cha kufidia. Mwaka 1987, Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliandika juu ya miamala mirefu ambayo haiwezi kutendwa kwa mara moja kama kitu kimoja. Walipendekeza igawanywe katika miamala midogo, na kila mmoja uwe na kitendo cha kufidia athari zake endapo hatua za mbele zitashindikana. Hapa mfasiri asitumie "kufuta". Anayefuta huacha karatasi kana kwamba jambo halikutokea. Karani wa hesabu hafuti tarakimu aliyokwisha kuiingiza daftarini; huandika mstari mwingine unaorudisha kiasi kile kile, na mistari yote miwili hubaki. Kurudisha fedha ya mnunuzi ni kufidia, na sharti kumbukumbu ionyeshe kwamba alilipa na kwamba alirudishiwa.

Mbinu ya tatu ni kila mhusika kusubiri uthibitisho unaomfikia yeye mwenyewe. Huduma ya M-Pesa ilianza nchini Kenya mwezi Machi 2007, na mojawapo ya mambo yaliyoifanya itegemeke ni kanuni rahisi ya wakala: asitoe fedha taslimu kwa kuoneshwa simu ya mteja, bali asubiri ujumbe ufike katika simu yake mwenyewe. Kwa lugha ya mchoro, kazi ya "toa fedha" hufuata tukio la "ujumbe umefika" katika uwanja wa wakala, si katika uwanja wa mteja.

7. Mambo ya sarufi

Tumeona kwamba mchoro hulazimisha majibu ambayo sentensi huruhusu yaachwe. Lakini nyaraka zetu haziwezi kuwa michoro mitupu; lazima ziandikwe. Kwa hiyo tunataja mambo manne ambayo mwandishi wa Kiswahili ayaangalie.

La kwanza ni kiambishi -ki-. "Mteja akilipa" yaweza kuwa sharti, yaani endapo atalipa, na yaweza kuwa wakati, yaani atakapokuwa amelipa. Katika mchoro vitu hivi ni viwili: sharti ni njiapanda yenye njia mbili, na wakati ni tukio linalongojwa. Anayeandika sharti aandike "endapo", kisha aseme itakuwaje endapo sivyo. Anayeandika wakati aandike "baada ya", kisha aseme atangoja kwa muda gani.

La pili ni "na" pamoja na "au". "Na" huunganisha, hufuatanisha, na pia humtaja mtenda wa kitenzi cha kutendwa. Katika sentensi ya mkataba wetu, msomaji wa haraka huweza hata kusoma kwamba malipo "yatathibitishwa na mzigo". Pakiwa na mfuatano, tuandike "kisha". Pakiwa na mambo mawili ya pamoja, tuandike "vyote viwili, bila kujali kipi kitatangulia". Vivyo hivyo, fomu inayosema "ambatisha kitambulisho au cheti cha kuzaliwa" haisemi kama anayeleta vyote viwili atakubaliwa. Tuandike "kimojawapo tu" au "angalau kimoja".

La tatu ni kauli za vitenzi. "Agizo limefutwa" husema kwamba yupo aliyefuta. "Agizo limefutika" husema hali tu, bila ya mtenda. Katika mchakato, kila kazi ina mhusika wake. Kwa hiyo maelezo ya kazi yaandikwe kwa kauli ya kutenda, na mtenda atajwe: "duka litathibitisha malipo". Sentensi ya "maombi yatashughulikiwa" imezoeleka maofisini, lakini haiwezi kuchorwa, kwa kuwa haijulikani iwekwe katika uwanja wa nani.

La nne ndilo tunaloliona kuwa kubwa kuliko yote. Kiswahili hutofautisha wazi "malipo hayajathibitishwa" na "malipo hayakuthibitishwa". Ya kwanza humwambia mnunuzi kwamba jambo bado linaendelea. Ya pili humwambia kwamba limekwisha na limeshindikana. Anayesoma ya kwanza husubiri. Anayesoma ya pili hulipa tena. Mfasiri aliyeweka -ku- mahali pa -ja- amemfanya mtu alipe mara mbili kwa kitenge kimoja, ingawa mashine zote zilifanya kazi vizuri. Lugha nyingine hulazimika kuongeza maneno ili kuionyesha tofauti hii. Sisi tumeipewa katika kiambishi, na ni wajibu wetu kukitumia ipasavyo.

8. Istilahi zinazopendekezwa

Mchakato wa shughuli: mfuatano wa kazi, matukio na maamuzi kuanzia haja hadi matokeo.
Kielelezo cha mchakato: mchoro au maelezo rasmi ya mchakato yanayoweza kupimwa.
Tukio: jambo linalotokea na kuathiri mchakato.
Kazi: jambo linalotendwa na mhusika mmoja katika mchakato.
Njiapanda ya kuchagua: mahali ambapo njia moja tu kati ya kadhaa hufuatwa.
Njiapanda ya sambamba: mahali ambapo njia zote hufunguliwa kwa pamoja, au hungojewa zote zikamilike.
Uwanja wa mhusika: sehemu ya mchoro iliyo chini ya mamlaka ya mhusika mmoja.
Safu: mgawanyo wa kazi ndani ya uwanja wa mhusika.
Mtiririko wa mfuatano: mpangilio wa hatua ndani ya uwanja mmoja.
Mtiririko wa ujumbe: mawasiliano kati ya uwanja mmoja na mwingine.
Muamala: kundi la vitendo ambavyo ama hukamilika vyote, ama havihesabiwi hata kimoja.
Kitendo cha kufidia: kitendo kipya kinachorekebisha athari za muamala uliokwisha kukamilika.
Urudiaji salama: sifa ya kitendo ambacho kikirudiwa, athari yake hubaki ile ya mara ya kwanza.
Kasoro: sababu iliyojificha inayoweza kuleta kosa.
Kosa: hali isiyo sahihi ndani ya mfumo.
Kushindwa: huduma kuacha kuwa ile inayotakiwa na mtumiaji.
Utegemekaji: sifa ya mfumo ambao watumiaji wanaweza kuutegemea kwa haki.
Utimamu: sifa ya kielelezo kisichokwama, kisichoacha mabaki, na kisicho na hatua isiyoweza kutendeka.
Mkwamo: hali ambapo mchakato haujaisha wala hauwezi kuendelea.

9. Hitimisho

Imezoeleka kwamba mfasiri huitwa mwishoni, mfumo ukishajengwa, ili aweke maneno ya Kiswahili juu ya vitufe. Maelezo yaliyotangulia yanaonyesha kwamba wakati huo mambo mengi huwa yamekwisha kuharibika. Mahali pake ni mwanzoni, mezani pamoja na mwenye shughuli na mchoraji, wakati mchakato ungali karatasi na kasoro yake yaweza kuondolewa kwa kalamu. Hapo ndipo swali la mwanaistilahi, "neno hili mnalitumia kwa maana gani?", linapokuwa pia swali la mhandisi.

Istilahi tulizozitoa ni mapendekezo. Walimu wazijaribu darasani, wafasiri wazipime katika kazi zao, na maofisa waziangalie dhidi ya nyaraka walizo nazo. Itakayokataa kukaa katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili ibadilishwe. Lakini lolote litakalochaguliwa, neno moja libebe dhana moja katika waraka wote, tangu mkataba wa kwanza hadi ujumbe utakaosomwa na mnunuzi katika simu yake.